Ubavu Mmoja

Valdivia, Julai, siku ya kumi na tisa ya mvua.
Mjomba Eliseo kafunga duka, ni saa ya kula,
ila mezani hamna sahani, kuna karatasi:
mpango wangu wa masoko, kurasa kumi na moja,
na tisa kati yake zinasema neno moja: simu.

Nilirudi kutoka Santiago na cheti kibichi,
nikijua kila kitu isipokuwa mwavuli.

Machi nilimrekodi. Mikono tu,
ile mikono inayonuka mafuta ya cherehani,
ikiurudishia uti wa mgongo mwavuli wa marehemu Ercilia.
Sekunde arobaini. Sikuweka muziki,
niliiacha mvua ijisemee juu ya bati.
Kulipokucha tulikuwa na watu laki mbili.
Manila wamependa. Guadalajara wamelia.
Mtu wa jangwani, kusikoonekana wingu mwaka mzima,
kaandika: Nautaka huo huo.
Mjomba akanyoa ndevu. Akafunga tai.
Akakaa nyuma ya kaunta kuwasubiri laki mbili.

Jumatatu hakuja mtu.
Jumanne alikuja mama mmoja, kuuliza choo.
Jumatano mjomba akaivua tai, akaikunja vizuri,
akaniuliza bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma:
"Mireya, hawa wafuasi
wananifuata kwenda wapi?"

Kizuri chajiuza, husema wasiowahi kulipa kodi ya duka.
Kizuri nacho huloa, hukaa dirishani
kikitazama miguu ya watu ikipita.

Basi nikanunua daftari la mistari.
Kila aliyeingia nilimwuliza: Nani kakuleta?
Wengi walicheka. Wengine walisema, mvua.
Bi Hortensia Llancapán alivuta kiti, akasimulia:
Niliiona mikono kwenye simu ya mjukuu wangu. Sikuja.
Nikaona namba yenu imechongwa kwenye mpini wa jirani.
Sikuja, nilikuwa na wangu mzima.
Upepo ukauvunja wangu pale darajani, nikautupa mtoni kwa hasira.
Sokoni muuza samaki akanigombeza: Umetupa?
Wangu aliushona Eliseo mwaka wa mafuriko, na bado unafunguka!
Ndiyo nimekuja. Mnauza mipya?

Sasa niambie nani kamleta.
Simu itadai. Mpini utadai.
Muuza samaki hadai kitu, yuko kwenye magamba yake,
anawafukuza simba-bahari kwa ufagio,
na katika kurasa zangu kumi na moja
sikumtengea hata peso.

Usiku huu mjomba hasomi. Hana miwani, anasema,
na miwani iko kipajini.
Anachukua mwavuli uliovunjika, anaufungua humu humu ndani
(mama angepiga kelele),
anapitisha kidole kwenye mbavu, moja baada ya nyingine, hadi nane.
"Simu yako ni upi?"
Nataka kusema kitambaa. Nataka kusema mpini.
Nasema, "Mmoja, mjomba. Mmoja wa hizo."
Anaukamata ubavu mmoja, anautwisha uzito wa kiganja chake.
Unapinda polepole, kama mtu anayekubali kosa.
Hasemi kitu. Anaunyoosha kwa koleo.

Nafuta ukurasa wa tatu. Wa nne.
Pembeni naandika kwa penseli: kibao kipya kituo cha basi;
muuza samaki, mwavuli wa bure, mwekundu, aonekane toka ng'ambo;
kumpigia Hortensia Agosti, kumwuliza tu kama unafunguka.
Simu inabaki. Ukurasa mmoja na nusu.
Ile nusu inabishaniwa.

Supu imepoa, tunaila hivyo hivyo.
Anapofuta bakuli kwa mkate, mjomba ananiambia:
"Mikono wameshaiona.
Safari hii wapige picha ya mlango.
Na saa za kufungua. Alhamisi sipo."