Mlango Kifuani

Julai, Kabale. Baridi imeshuka kutoka Makanga
ikakaa juu ya mji kama mgeni asiyejua kuaga.
Halmashauri imenipa koti, tochi, rungu,
na watu saba wa chuma niwalinde
mpaka maonyesho yaishe.

Natukunda ndiye aliyewaunda
kwa majembe yaliyokatika, minyororo ya baiskeli,
mabati ya shule iliyoezuliwa na upepo.
Amewapanga foleni kando ya barabara, hawana nyuso,
na hakuna anayejua wanasubiri nini.
"Dawa," anasema muuza bushera.
"Mshahara," wanasema walimu, wakicheka kidogo tu.
Mimi sikuulizwa. Kiswahili changu ni cha kambini,
kinajua kuamrisha kuliko kueleza.

Saa tisa usiku ukungu huwameza kuanzia miguuni.
Hubaki mabega. Kisha hubaki sauti:
chuma kikijikunyata, tik, tik,
kama mtu anayealisha vidole gizani.

Nilidhani ni mwizi wa vyuma chakavu.
Nikamulika: mzee Tibenderana,
blanketi mabegani, kandambili juu ya soksi,
kiganja chake kifuani pa yule wa nne.
"Mlango huu," akasema, "ni wa Peugeot yangu.
Kovu hili ni ng'ombe wa Muhanga, mwaka themanini na nne.
Mke wangu alikuwa anakaa upande huu."

Sikuwa na amri yoyote kuhusu jambo hilo.
Kitasa kilikuwa bado kizima. Akakivuta,
na mtu wa chuma akafunguka kifua:
ndani ukungu tu, na nyasi tatu nne
za ndege aliyeanza kiota akaghairi.
Mzee akasogea pembeni,
kama anayempisha mtu ashuke.
Akangoja.
Kisha akaufunga kwa kishindo,
jinsi milango ya zamani inavyotaka.

Sasa huja kila usiku. Nakijua kikohozi chake.
Natia makaa kwenye debe, tunaota moto,
hatuzungumzi sana.

Fomu ya asubuhi ina mahali pameandikwa *Matukio*.
Naandika: Hakuna.
Vidole vimekufa ganzi, herufi zinapinda.

Juzi bawaba zilianza kulia.
Nimezipaka mafuta,
haya haya ninayopaka midomo
isipasuke.