Sifuri Nukta Nne

Duluth, Januari. Barafu imechora dirishani
ramani ya nchi isiyo na njia.
Nimevua viatu vya kazi, mikono ingali inanuka
mafuta ya tanuri la shule nililolitibu mchana kutwa,
na sasa nimekaa mbele ya jedwali,
safu arobaini na moja, rangi tatu,
natafuta sifuri nukta nne ya asilimia.

Ndiyo. Sifuri nukta nne.
Shujaa wangu anaitwa Radi Mstaafu.
Ana joho la zambarau, kitambi nilichomchagulia makusudi,
na ulinzi wa arobaini na nne nukta sita.
Ukifika arobaini na tano, nimekwisha piga hesabu,
ngumi za majitu zitampita kama mvua impitavyo bata.
Haba na haba, walisema, hujaza kibaba;
hawakusema kibaba chenyewe kimetobokea wapi.

"Verlin," Irmeli ananiita kutoka Tampere.
Kwake alfajiri, ametoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali,
sauti yake bado ina mvuke.
"Verlin, mkeo aliondoka kwa sababu ya jedwali,
au jedwali lilikuja baadaye?"
"Baadaye. Jedwali lina adabu.
Lilingoja eda iishe."

Lucjan anacheka hadi maikrofoni inapiga chafya.
Shujaa wake yeye ni Mfuniko:
hana kasi, hana moto, ngao yake ya sufuria,
na pointi zote, zote!, amezimwaga
kwenye uwezo wa kupiga saluti.
Adui akipigiwa saluti husita sekunde moja.
Basi.
Nilimwandikia kurasa sita za ushauri.
Alinijibu kwa saluti.

Ni Delphine tu, wa Trois-Rivières, aliyefundisha hesabu miaka thelathini,
anayeujua uchungu wangu.
"Toa pointi mbili," ananong'ona kama muuza magendo,
"kwenye kuruka. Nani anahitaji kuruka?
Mwenye kitambi apande ngazi."
Nahamisha. Nambari inapepesa.
Arobaini na tano.
Nikasimama jikoni peke yangu, mikono juu,
kama aliyefunga bao uwanja ukiwa mtupu.

Tukaingia.
Jitu la Kiwandani, vichwa vitatu, nundu ya chuma.
Ngumi ya kwanza ikanipita.
Ya pili ikanipita, nikaanza kujigamba,
nikalitukania jitu ukoo wake hadi kwa babu wa babu.
Ya tatu haikuwa ngumi.
Ya tatu ilikuwa sakafu, ikafunguka.

Na mimi nimeuza kuruka.

Radi Mstaafu akashuka,
joho limevimba kama mwavuli wa harusi,
ulinzi wake kamili, haukupungua hata nukta,
mpaka chini kabisa, kwenye tindikali.

Kimya.
Kisha Irmeli, kwa upole wa muuguzi:
"Ngazi uliiona?"

Delphine alicheka kwa mluzi, kama birika.
Lucjan, akiwa wa mwisho kusimama, akapiga saluti.
Jitu likasita sekunde moja.
Kisha likamponda naye.

Jumatano kampuni ikabadilisha kanuni.
Arobaini na tano si kitu tena; sasa ni hamsini na tisa.
Safu zangu arobaini na moja zikawa maji ya kuoshea miguu.
Irmeli akaniletea pole, rasmi, kama kwenye msiba,
akauliza marehemu atazikwa kwenye faili gani.
Delphine akasema hamsini na tisa si mbali,
na nikasikia, nyuma ya sauti yake, penseli ikichongwa.

Nje jembe la theluji linapita, taa zake za manjano
zinazunguka darini kwangu.
Nimefungua jedwali jipya.
Safu ya kwanza, kabla ya ulinzi, kabla ya nguvu, kabla ya kuruka
(kuruka nimekurudisha, msinicheke),
nimeandika: saluti, pointi moja.
Haina faida yoyote.
Nimeipigia hesabu mara mbili.