Vigingi Vyekundu

Walipima usiku, au alfajiri tulipopitiwa na usingizi.
Kulipokucha malisho yalikuwa yameota vigingi,
vyekundu vichwani kama vipele vya surua,
kutoka zizi la Bachisio hadi ukuta wa makaburi.
Mbwa ndio waliotangulia kuvisoma.
Walikikojolea kimoja kimoja, bila haraka.

Sisi wa Orrusai tu watu mia tatu na kumi na wawili,
tukimhesabu padri, ajaye Jumapili moja akaikosa ya pili.
Hekta mia nne, ilisema barua. Yaani hekta moja na ushei
ya vioo kwa kila mwenye pumzi, vichanga wakiwamo.
Na umeme wenyewe hautalala Sardinia:
utapita chini ya bahari kwa waya mnene kuliko paja langu,
uende kuwasha madirisha ya bara.

Usiniandike adui wa jua, bwana mhandisi.
Paneli sita ziko juu ya paa langu,
nimezilipia kwa jibini miaka mitatu,
ndizo zinazochemsha maji ya kumwogesha mama.
Jua sina ugomvi nalo.
Ugomvi wangu ni wa chini, huku linakotua.

Ulikuja shuleni, ile isiyo na wanafunzi tena,
na ramani, na biskuti za bati.
Kondoo watalisha chini ya paneli, ukasema, kivulini, raha mustarehe.
Bonaria akauliza: umewahi kukama kondoo?
Ukacheka.
Yeye hakucheka. Alingoja jibu
mpaka biskuti zikaisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tuliuliza tu: apone nini?

Bachisio ni binamu yangu, naye ametia sahihi.
Niseme mwenyewe, maana kijiji kizima kinajua.
Bei ya maziwa ilianguka hata yakawa rahisi kuliko maji,
na benki hainywi maziwa.
Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, kama mtoto,
miaka thelathini,
na tangu hapo hupita nyuma ya kanisa asikutane nasi.
Nilipompelekea karatasi yetu ya saini
niliona taa ya jikoni ikizimwa.
Nikasimama gizani na kalamu yangu.
Ningekuwa na deni lake, ningeandika nini?

Siku ya mashine, mwezi Aprili, tulibeba viti vya jikoni
tukaketi njiani, wengine wakifuma, wengine wakimenya maharagwe mabichi.
Dereva alitoka kijiji cha ng'ambo ya bonde.
Hakutuunga mkono, wala asisingiziwe:
alisema analipwa kwa saa, kukaa ni kukaa.
Ilipofika adhuhuri alizima injini
akaomba chumvi.

Tulipong'oa vigingi tulipanda mizeituni,
miche mia mbili, kila mmoja na jina la aliyeupanda.
Mbuzi wa Gavino wakala themanini.
Wangu ulikuwa wa kwanza.
Tulipigana sisi kwa sisi wiki nzima juu ya mbuzi wale,
kampuni tukaisahau.

Hakimu wa mjini ameahirisha hadi Novemba.

Vigingi kumi na saba viko bustanini mwa Bonaria,
vimebeba nyanya.
Anasema ni mti mzuri, hauozi upesi.
Agosti polisi wawili walikuja kuvihesabu.
Wakahesabu, wakaandika,
wakaondoka na mfuko wa nyanya kila mmoja.

Na jana, nilipofungua mlango kumwaga maji,
nilikuta kigingi kimeegemezwa ukutani,
kimeoshwa tope, kimefutwa kwa kitambaa,
hakina barua.
Naijua mikono ya Bachisio, hata kwenye kitu kilichooshwa.
Ni radhi, au ni onyo, sijui.
Nimekiweka chini ya mlango
kiuzuie upepo usiubamize.