Swali la Tatu, Alama Ishirini

"Eleza faida ya historia ya Kanisa
kwa anayejiandaa kwa utumishi. Toa mifano."

Mwalimu Dzombo, mifano ninayo,
ila si ile uliyotuandikia ubaoni.
Miaka nimeikariri: mia tatu ishirini na tano, Nikea;
mia nne hamsini na moja, Kalsedonia.
Niliikariri nikija kwa miguu toka Muyeye,
mwaka mmoja kwa kila mlingoti wa umeme,
na palipokosekana mlingoti
ilikosekana karne nzima. Hiyo nisamehe.

Nina miaka arobaini na mmoja.
Kumi na miwili kati yake niliwabebea Wataliano sahani.
Nikiuliza, "Chumvi inatosha?" hujibu, "Credo di sì,"
nadhani ndiyo, na macho yao yako kwenye simu.
Sasa nafungua kitabu, nakuta neno lilelile, Credo,
limeandikwa kwa herufi kubwa,
na watu wamefukuzwa makwao
kwa sababu ya neno linalolifuata.
Usiku ule sikufungua ukurasa wa pili.
Nilijiuliza kama mimi nasadiki
au nadhani tu chumvi inatosha.

Ulitupeleka kwenye kanisa dogo la Wareno,
makuti juu, chokaa ukutani,
tukaingia kumi na wawili, tukabanana.
"Hesabuni makaburi," ukasema. Tukahesabu.
"Sasa hesabuni wasio na makaburi."
Ngumbao akachora mchangani kwa ncha ya kiatu, akafuta.
Ukatusimulia pwani ile nyingine, ya magharibi,
ambako watu walibatizwa wakiwa na pingu,
jina jipya na safari, siku moja.

Nilikuja chuoni kutafuta ukoo wa watakatifu.
Ukoo nimeupata. Una walevi, kama wetu.

Babu yangu Mwambire alipobatizwa
aling'oa kigango cha baba yake
akakichonga mguu wa benchi, kanisa la Ganda.
Benchi lile nililikalia utotoni, miguu haifiki chini,
nikiimba, sijui nimemkalia nani.
Hili halimo kitabuni.
Niliweke sura ya ngapi?

Jumatano iliyopita, Maweni,
Umazi alifiwa na mtoto wa siku tatu.
Mchungaji alikuwa Mombasa, nikaitwa mimi,
mwanafunzi mwenye Biblia na tochi.
"Hakubatizwa," akaniambia. "Amekwenda wapi?"

Mwalimu, majibu ninayo, na karne zake.
Namjua askofu wa Afrika ya Kaskazini
aliyesema ni motoni, ila moto mpole.
Nawajua wasomi waliomjengea mtoto kama huyu
chumba cha pembeni, kisicho na mateso wala dirisha,
na wale waliokifunga chumba kile, karne nane baadaye,
bila kuwaandikia barua kina mama.
Wote hao walisoma kunipita.
Hakuna aliyekuwa amekishika kile kitambaa,
jinsi kilivyokuwa chepesi.

Faida, kama ndiyo unayoiuliza, niliiona pale:
nilijua ni maneno gani yameshaumiza watu,
nikayameza.
Nikawamulikia wachimbaji. Matumbawe ni magumu, walichelewa.
Nikalitaja jina, kwa kuwa alikuwa nalo, Kwekwe,
nikalitaja tena, maana upepo ulilichukua.
Umazi akauliza, "Yuko kwa Mungu?"
Nikasema, "Nasadiki,"
na sikuangalia pembeni.

Msimamizi anakusanya karatasi.
Karne ya Matengenezo
sikuifikia.