Futikamba

Murhula, shika ncha hii ya futikamba.
Usiulize kwanza ya nini. Shika,
simama pale kwa mama Nabintu, penye jiwe,
palipokuwa na jiko lake
kabla mvua ya Aprili haijalichukua
pamoja na sufuria ya sombe, ikiwa bado motoni.

Futi hii ni ya kazi. Imepima viuno vya maharusi wa Kadutu,
mabega ya walimu wasiolipwa,
kaptula za watoto ambao leo wana ndevu.
Ni mita moja na nusu tu. Korongo halijui hilo.
Tuliliwekea mara mia na arobaini,
mimi, Iragi, na Cito mwenye mguu mmoja mfupi,
tukiteremka Nyamugo kwa matako zaidi kuliko kwa miguu,
Iragi akiandika katika daftari la hesabu la mdogo wake:
mita mia mbili na kumi.
Nyumba kumi na tisa ukingoni.
Bomba moja, hupiga chafya alfajiri kisha likanyamaza.

Watu walitucheka: “Mnalishonea korongo suruali?”
Nikasema ndiyo, na mfuko wa nyuma.

Tulikuwa tumechoka na salongo ya Jumamosi,
kuzoa tope linalorudi Jumapili.
Na kulaumu tulikuwa mabingwa:
pale kwa muuza sambaza tuliiongoza nchi kila jioni,
tukateua mawaziri, tukawafukuza kabla mafuta hayajapoa,
na hakuna hata mmoja wetu aliyejua
kama mlango wa komini ni wa kuvuta ama wa kusukuma.

Ni wa kuvuta, Murhula. Bawaba ya chini imekufa.
Inua kidogo.

Karani alisema: rudini Alhamisi.
Alhamisi alisema: mwenye muhuri hayupo.
Alhamisi nyingine muhuri ulikuwepo, wino ukakosekana.
Cito akaenda sokoni, akarudi na chupa ya wino,
akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.
Siku hiyo tulipewa benchi.

Bajeti si kitabu cha uchawi.
Ni orodha, kama ile ya mama akikutuma:
chumvi, sabuni, mafuta, na chenji irudi.
Mstari wa kumi na moja: rangi ya geti.
Mstari wa kumi na mbili: rangi ya geti, mara ya pili.
Mfereji wa Nyamugo haukuwemo hata kwa jina.
Nilisimama. Magoti yalikuwa yakishona bila uzi.
Nikasema: geti lenu linapendeza, baba zangu,
lakini halijawahi kusombwa na maji.

Mmoja akauliza: ninyi ni wa chama gani?
Iragi akafungua daftari.
Chama cha mita mia mbili na kumi.

Sikudanganyi kwamba walipiga makofi.
Mmoja alisinzia. Mwingine, shati lake nililishona mimi,
aliiangalia kola yake muda mrefu.
Lakini mstari wa kumi na mbili ulifutwa kwa kalamu,
na ndiyo haya mawe unayoyakanyaga:
mita arobaini, hesabu mwenyewe,
na saruji tuliyoilinda usiku kwa zamu, mfuko kwa mfuko.

Arobaini.
Iragi ameenda Uvira kutafuta kazi.
Cito ana mapacha, hana usingizi.
Mimi siku hizi natunga sindano kwa kubahatisha.
Na wewe una miaka kumi na minane
na mdomo unaosikika ng'ambo ya Ruzizi
kuhusu jinsi wakubwa wanavyokula.
Sawa, wanakula. Lakini lile benchi bado lipo,
na kikao ni Alhamisi saa tatu.

Usiende na jiwe mkononi, mawe tunayahitaji mferejini.
Nenda na namba. Nenda na binti wa Nabintu,
anasoma maandishi madogo kuliko wewe.
Na wino, beba wako.

Kaza hiyo ncha, mbona inalegea?
Zimebaki mia moja na sabini.
Haya, moja na nusu ya kwanza.
Andika.