Kabla ya Kutoa Betri

Mashine huniambia ilikotoka
kabla mwenyewe hajatua mfuko.

Nikifungua skrubu nne za chini
vumbi jeupe la magadi likanimwagikia mapajani,
hiyo ni ya Nakuru. Imekaa sebuleni chini ya runinga,
imefunikwa kitambaa cha kufuma,
ikachezwa na watoto wawili, Jumamosi,
baada ya kufua soksi.
Vitufe vyake bado vina alama zote.

Ya Kisumu haina adabu hiyo.
Ya Kondele huja na mende wazima
waliofuata joto la transfoma,
na kile kitufe cha kupigia shuti kimelika
mpaka kimekuwa kisahani:
vidole gumba mia kwa siku, mechi shilingi kumi,
na Rapudo mwenye kibanda anahesabu dakika kwa sauti
kama muuza samaki aliyeona jua limepanda.
Kule hakuna anayemiliki mashine.
Wanamiliki zamu.

Halafu hapa kwetu Luanda, ukipandisha kuelekea Emuhaya,
nguzo zilifika, nyaya hazikufika.
Huku ni gemu ya mkononi, ile ya matofali yanayoanguka,
ya kijivu, ya betri mbili,
na ugonjwa wake ni mmoja: kutu ya kijani kwenye springi,
kwa sababu betri ikichoka haitupwi,
huanikwa juu ya bati pamoja na omena
ipate nguvu ya jioni moja zaidi.

Aluda, anayejifunza ufundi kwangu, aliuliza
mbona wa mjini wanapenda kubwa, wa mashamba ndogo.
Nikamwambia: kupenda ni neno la mwenye soketi.

Juzi akaja Mama Andeso, matope mpaka magotini.
"Usitoe betri," akasema kabla ya salamu.
Zilikuwa zimevuja. Kioo kilikuwa kinafifia.
"Ukitoa, rekodi inafutika."

Nikajua: ya mjukuu, yule aliyepelekwa Nakuru,
kwenye sebule, kwenye kitambaa cha kufuma.
Nikaandaa uso wa pole.

"Mjukuu gani? Huyo hakuwahi kufika elfu tatu.
Hiyo ni yangu. Nilikuwa nalinda ng'ombe wa kuzaa,
Aprili, mikesha mitatu ya mvua."

Nikainamisha kioo kwenye mwanga.
Elfu kumi na nne, mia tatu na kumi.

Sikucheka. Nilichuna nyaya mbili,
nikaunganisha betri mpya pembeni,
chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
zikashika mzigo pamoja na zile kuukuu,
kama watu wanaopokezana mtoto aliyelala.
Ndipo nikazitoa. Moja.
Ya pili.

Kioo kikapepesa.
Namba ikakaa.

Hakuuliza bei. Alikuwa ameshaanza,
kidole gumba chenye ufa wa jembe
kikigeuza tofali la kwanza likiwa bado hewani.

"Na ndama?" nikauliza.

"Ngoja," akasema.