Mkono wa Mwenyewe

Miaka kumi na moja nimevuta nyaya Pasua, Njoro, Rau,
nimepasua kuta kwa tindo, nimelaza paipu ndani ya plasta,
nimewasha sebule za watu,
na kila ilipowaka aliyeiwasha kwenye karatasi
alikuwa Ndekirwa, mkandarasi,
saini imepinda kama mkia wa nge.

Nyumba yenyewe hakuiona.
Nilimkuta dukani kwake, mtaa wa nyuma ya stendi, akila karanga;
nikaweka fomu juu ya kioo cha kaunta, na elfu arobaini juu ya fomu.
Akapuliza maganda, akagonga muhuri.
Tak.
Hiyo tak ndiyo ilikuwa ukaguzi.

Sikumlaumu. Ugali wangu ulipikwa kwa wino wake.

Hadi bibi Ndeanasia wa Msaranga aliponiita
akasema bomba la bafuni linauma.
"Maji yananing'ata, mwanangu, asubuhi zaidi."
Nikafuata waya wa ethi nyuma ya banda la kuku:
kipande cha nondo, kirefu kama mkono wa mtoto,
kimeshindiliwa kwenye kifusi.
Haikuwa kazi yangu.
Lakini alinitolea nakala ya fomu kutoka kwenye Biblia,
na yule nge nilimjua.

Ndipo nikaanza kukusanya karatasi.
Cheti cha chuo cha ufundi, chini ya godoro, kona moja wameila mende.
Barua ya mtendaji.
Picha mbili ndogo, kola ya kuazima.
Halafu: orodhesha kazi ulizofanya.
Kalamu ikakwama hapo.
Nyumba sitini na nane, na zote ni za Ndekirwa.

"Nani atanishuhudia?" nikamuuliza Aikande.
Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.
"Si uwaulize wanaolala humo?"

Nikarudi mlango kwa mlango kama mtu wa sensa.
Mmoja aliandika: Taa zinawaka.
Mwingine: Alirudi bila kuitwa, akabadilisha soketi, hakudai.
Mwalimu mmoja aliandika kurasa mbili, nusu yake kuhusu mgogoro wa mpaka.
Zote nikaziambatisha.

Siku ya usaili, mama mwenye miwani ya mnyororo
aliacha vitabu akaniuliza:
"Umepima ethi, umepata omu mia mbili.
Saa kumi na moja jioni. Mteja ana wageni wa posa. Unafanyaje?"
Nikasema, "Wageni watakula kwa chemli."
Akaandika kitu kirefu. Sikukiona.

Miezi ikapita, mvua za vuli zikaja zikaondoka.
Leseni ilifika siku ambayo nimesahau kuingoja,
na muhuri nikauchongesha, mpira mwekundu, jina langu kinyumenyume:
lazima uguse kitu ndipo lisomeke.
Aikande akaujaribu kwenye kalenda ya ukutani.
Jumanne yote ikawa yangu.

Jumamosi akaja kijana, Kisali,
vumbi la plasta kwenye nyusi,
fomu mkononi, elfu hamsini imekunjwa mara nne.
"Gonga tu, kaka. Kazi safi."
Nikamtazama nikajiona, nikanusa karanga.
"Twende."
"Wapi tena?"
"Nyumbani kwa huyo mtu."

Mabogini, jua la saa nane.
Nikapiga magoti pale ethi ilipozama,
nikachomeka vijiti vya kipimo kwenye udongo uliopasuka.
Namba zikacheza, zikapanda, zikashuka.
Kijana akabana pumzi. Na mimi.
Mia moja na arobaini.

Nikavua shati.
"Leta sururu. Na ndoo ya maji."
"Na fomu, kaka?"
"Iache kivulini.
Tuchimbe. Aanze kusaini udongo."